Kadi ya grafiki ya bei ndogo: fungua CPU kwanza, dukani baadae

Suali ninaloulizwa kuliko yote, kwenye WhatsApp, barazani, hata nikitoka msikitini, ni hili hapa, "kaka nataka kadi ya GB 4 ya kuchezea gemu, ipi nzuri?" na mie kila siku najibu kwa suali jengine, CPU yako modeli gani na pawa saplai yake, lile boksi la ndani linalogawa umeme, imeandikwa wati ngapi? Wengi hawajui, na wengine wanaona nawazungusha tu, kumbe hapo ndo penye jawabu lote. Hapa kwetu Zanzibar boksi zima tunaliita CPU na mie ntaliita hivohivo, ile chipu yenyewe ya ndani ntaiita prosesa tusije tukachanganyana, na kadi ya grafiki ni ile inayochora picha za gemu kwenye skrini.

Nianze na kilichomkuta mtoto wa dada yangu. Alijikusanyia pesa za sikukuu mbili, Idi ndogo na Idi kubwa, akaenda duka moja mjini akarudi na boksi limeandikwa GT 730 4GB kwa herufi kubwa zinang'ara, amefurahi kweli, "mjomba nimepata ya GB 4, ya rafiki yangu GB 2 tu!" Tukaifunga kwenye Dell OptiPlex 7010 yake, ile nyembamba ya kulala, tukawasha GTA V. Ndani ya nyumba na vichochoroni inakwenda, gari ikitoka tu barabara kubwa penye watu na magari picha inaanza kukatakata, tukashusha setingi zote mpaka miti ikawa kama imechorwa na mtoto wa chekechea, bado inakatakata. Siku ya pili akaja yule rafiki yake na kadi yake ya GB 2, GT 1030, tukaichomeka kwenye CPU hiyohiyo, gemu hiyohiyo, ikapita laini. Mtoto aliniangalia tu usoni hakusema neno, na mie roho iliniuma kwa sababu zile pesa nnajua zimekusanywa vipi.

Sasa kwa nini GB 2 ikaishinda GB 4? Hizi GB zinazoandikwa kwenye boksi ni ukubwa wa ghala tu. Fikiria ghala la karafuu kule Pemba, kubwa linaingia magunia maelfu, lakini mlango wake anapita mtu mmoja na gunia moja begani. Msimu ukiwa mkubwa ghala linabaki nusu tupu huku wapagazi wamejipanga foleni nje. Kadi ya grafiki nayo ina mlango wake, ni njia baina ya memori na chipu, na hiyo njia ndo inayoamua picha ngapi zitachorwa kwa sekunde. Ile GT 730 ya memori ya DDR3 yenye njia ya biti 64 inapitisha GB 14.4 kwa sekunde. GT 1030 ya GDDR5, memori ya kasi zaidi, inapitisha GB 48. GTX 1050 Ti inapitisha 112, GTX 1650 ya kwanza 128, na RX 6600 inafika 224. Ukizitazama hizo namba peke yake tu, hujasoma kitu chengine chochote, ushaelewa kwa nini mtoto alikosa la kusema. Na juu ya mlango kuna wale wapagazi wenyewe, yaani zile koa za ndani ya chipu zinazofanya hesabu, GTX 1650 inazo 896 na GTX 1050 Ti inazo 768. Kadi dhaifu hata ukiipa GB 4 haiwezi kuzijaza kwa kazi ya maana, ndo maana nasema GB iwe kitu cha mwisho kukiangalia kwenye kadi za bei ndogo, sio cha kwanza.

Halafu yako majina, na hapa ndo watu wanapoliwa khasa. Kwa Nvidia, watengenezaji wa hizi GT, GTX na RTX, namba za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni daraja. GT 1030 ni kizazi cha 10 daraja la 30, GTX 1650 ni kizazi cha 16 daraja la 50, RTX 3050 ni kizazi cha 30 daraja la 50. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwamba jina moja linaweza kubeba vitu viwili au vitatu tofauti. GT 730 iliyotoka 2014 kuna yenye koa 96 na kuna yenye koa 384, kuna ya DDR3 na kuna ya GDDR5, zote jina moja. GT 1030 ilitoka 2017 na GDDR5, halafu 2018 ikatoka nyengine ya DDR4 jina lilelile, na hii ya pili njia yake imeshuka kutoka GB 48 mpaka 16.8, yaani imebaki kama theluthi tu, na dukani utaziona zimekaa kabati moja zinafanana kama pacha. RTX 3050 ya GB 8 ya 2022 ina koa 2560, ile ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 ina koa 2304 na njia nyembamba zaidi, unaambiwa umepungukiwa GB 2 tu kumbe na chipu yenyewe imekatwa. Kwa AMD, wenye kadi za RX, iko RX 580 inayoandikwa 2048SP, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China, hiyo ni RX 570 iliyovishwa kanzu ya kaka yake. Na usifikiri mpya lazima iwe kali, GTX 1630 ilitoka 2022 na bado inashindwa na GTX 1050 Ti ya 2016 kwenye gemu nyingi. Kwa hivo ukiambiwa jina uliza na jina la pili: memori ya aina gani, biti ngapi. Muuzaji akishindwa kukujibu, piga picha stika ya nyuma ya kadi, nenda nyumbani ukatafute ile namba ndefu ya modeli kwenye mtandao ndo urudi na pesa.

Haya, sasa lile suali langu la mwanzo. CPU nyingi tunazotumia Unguja na Pemba ni mitumba ya maofisini kutoka Ulaya na Dubai, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine nzuri, mie mwenyewe ninayo, imara na bei yake inashikika. Ila zilitengenezwa kwa kazi ya ofisi, kuandika barua na hesabu, na aliyezitengeneza hakuwaza kama siku moja zitafungwa kadi ya gemu. OptiPlex 7010 ile nyembamba pawa saplai yake ni wati 240, ile ya kusimama ni 275, 9020 ya kusimama ni 290. Na muhimu zaidi ya wati, ndani hamna ule waya wa kuilisha kadi.

Iko hivi. Ile sloti ndefu ya PCI Express inayochomekwa kadi kwenye mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani, inaweza kuipa kadi umeme mpaka wati 75 bila waya wowote. Kadi ikitaka zaidi ya hapo lazima iletewe waya kutoka pawa saplai, wa pini 6 unaongeza wati 75 nyengine, wa pini 8 unaongeza 150. Kwa hivo mstari wetu sie wenye CPU za ofisi ni huo huo 75, kadi iwe chini ya hapo na iwe haina tundu la waya. Kwenye zile nyembamba sana mtengenezaji anaweza kuiwekea sloti kiwango cha chini zaidi ya hapo, mwongozo wa modeli yako utakwambia, upo bure kwenye mtandao. Na kuna modeli ambazo hata kadi moja hutofunga, zile ndogo kama kitabu zinazofungwa nyuma ya monita, hazina sloti kabisa, sawasawa na laptopu za kawaida, kadi yake ndo ileile iliyokuja nayo.

Watu wanajaribu kuupita huu mstari kwa adapta. Unauziwa waya wa kutoa plagi ya SATA, ile ya hard disk, kwenda pini 6 au 8 za kadi. Tafadhali usikubali. Plagi moja ya SATA imetengenezwa kubeba kama wati 54 kwenye laini ya volti 12, kadi ya pini 8 inaweza kuvuta zaidi ya mara mbili ya hapo, ile plastiki inaanza kupata moto na kuyeyuka polepole na wewe umevaa hedifoni husikii harufu. Nimefunguliwa CPU moja pale Fuoni, plagi imegeuka rangi ya kahawia kama karanga iliyoungua na imegandana na mwenzake haitoki, mwenyewe kilichomshitua ni kuona mashine inazimika kila akifika mechi ya pili. Nyumba ina watoto ile.

Na kubadilisha pawa saplai yenyewe? Kwenye CPU ya kusimama ya kawaida inawezekana, ila modeli nyingi za Dell na HP kuanzia zama za Intel kizazi cha nne pawa saplai zake zina plagi za peke yake, ya dukani haiingii mpaka upate adapta ya modeli hiyo. Na hizo za dukani nazo soma stika. Mie naishika mkononi kwanza, imeandikwa 500W lakini nyepesi kama boksi tupu la biskuti, basi naangalia mstari wa volti 12. Ikiandikwa 12V 18A, zidisha, 12 mara 18 ni wati 216, hizo ndo wati utakazozipata kwa kadi na prosesa, ile 500 ya juu ni mapambo.

Kitu chengine kabla hujatoka nyumbani chukua futi. CPU nyembamba inataka kadi fupi ya kimo, ya nusu, yenye kile kipande cha chuma kifupi cha nyuma, na kipande hicho kiwemo ndani ya boksi, maana nimeona watu wanaipata kadi ya nusu na chuma kirefu halafu wanaiacha inaning'inia bila skrubu. Pima na urefu mpaka kwenye hard disk. Angalia pia kama kadi inakula sloti moja au mbili za upana, hii inasahauliwa kila siku.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe, unacheza nini na unacheza kwenye monita gani. Hili la monita linapuuzwa na mie naliona ndo lenye kuokoa pesa nyingi. Monita yenye pikseli 1366 kwa 768 ina pikseli kama milioni moja na elfu arubaini na tisa. Ya 1920 kwa 1080 ina milioni mbili na zaidi ya elfu sabini, karibu mara mbili. Kadi inaichora kila pikseli, kila fremu, mara 60 kwa sekunde ukitaka ipite laini. Kwa hivo mwenye monita ya zamani ya ofisi kadi yake ina nusu ya mzigo wa mwenzake, kadi ndogo kwake inakuwa kubwa. Ukisikia mtu mtandaoni anasema kadi fulani haifai, tazama kwanza yeye anachezea kwenye pikseli ngapi, pengine anazungumzia maisha mengine kabisa.

Na gemu zetu za mitaani, ukweli usemwe, nyingi sio nzito. PES 2017 iliyopachikwa ligi na wachezaji wapya, ndo inayochezwa mabarazani mpaka leo, GTA San Andreas, GTA V, Counter-Strike 2 kwenye setingi za chini, Valorant. EA FC 24 ndo inaanza kudai, kiwango chake cha chini walichoandika wenyewe ni GTX 1050 Ti au RX 570, zote GB 4. Zile gemu mpya zilizotengenezwa kwa ajili ya PS5 bila kuijali PS4, hizo nyingi GB 4 hazitoshi tena, zinataka 6 au 8, na mtu wa bajeti ndogo ni kheri azikubali kuwa sio zake kwa sasa kuliko kununua kadi nusunusu isiyofika popote. Valorant nayo ina sharti lake, ukiwa na Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa ndani ya mashine yenyewe, ziwe zimewashwa, CPU za zamani hapo zinakwama na kadi yoyote haitokusaidia.

Kabla ya kununua kabisa nakuomba ujaribu kitu kimoja cha bei ya chini. Kama prosesa yako ina grafiki ya ndani, mfano Ryzen 3 3200G au Ryzen 5 5600G, au Intel za kuanzia kizazi cha sita, angalia una vijiti vingapi vya ram. Grafiki ya ndani haina memori yake, inaazima ram ya mashine, na ram ikiwa kijiti kimoja mlango ni mmoja, vikiwa viwili milango ni miwili. Kijana mmoja wa Chake Chake alikuwa na 3200G na kijiti kimoja cha GB 8, alikuwa yuko njiani kupanda boti kuja kununua kadi mjini, nikamwambia subiri, tafuta kijiti chengine cha GB 8 cha kasi ileile. Alinirikodia sauti usiku ule anacheka peke yake, PES imekuwa maji. Kadi hakununua mpaka leo.

Ukiona huko hakutoshi, basi haya ndo maoni yangu, na nayasema kama ningekuwa nakununulia mdogo wangu. GT 710, GT 730, GT 610, usiguse hata ukipewa kwa nusu bei, hizo ni za kuongezea monita ya pili ofisini. GT 1030 ya GDDR5 inakula wati 30 tu, inaingia kila pahala, kwa PES 2017 na GTA V kwenye monita ya 768 inatosha na haipigi kelele, ila iwe mtumba wa bei ya mtumba. GTX 1050 Ti ilikuwa mfalme wetu miaka mingi na bado inacheza vizuri, lakini jua kwamba Nvidia wameifunga familia ile ya GTX 10 kwenye draiva mpya za gemu (draiva ni programu inayoiendesha kadi) Oktoba 2025, zilizobaki ni za usalama tu mpaka Oktoba 2028, kwa hivo asikuuzie mtu kwa bei ya ujana wake. Kwa CPU ya ofisi chaguo langu ni GTX 1650 ya bila waya, ya 2019, wati 75, iko ya kimo kirefu na ya nusu, draiva bado zinakuja, ila iangalie vizuri maana GTX 1650 nyengine hasa za GDDR6 zina tundu la pini 6. Ukiweza kuongeza, RTX 3050 ya GB 6 ni wati 70, nyingi hazina tundu la waya, na hiyo kwa mashine ya ofisi hivi sasa ndo naiamini zaidi, hata pamoja na lile jina lake la kuchanganya watu.

RX 6400 inavutia, wati 53 tu na ya nusu kimo, watu wengi wananiuliza. Tatizo lake ni kuwa imepewa njia nne tu za PCI Express badala ya 16, ikategemea CPU yako iwe ya kizazi cha nne cha PCI Express ili zile njia nne ziwe pana. OptiPlex zetu nyingi ni PCI Express ya kizazi cha tatu, na za Intel ya kizazi cha pili ni PCI Express ya pili, hapo memori ikijaa tu kadi inaanza kuvuta pumzi. Na haina sehemu ya kurikodi video, anayetaka kurikodi mechi zake apeleke TikTok au YouTube ajue kazi hiyo itamwangukia prosesa. Ndugu yake RX 6500 XT ni hivohivo, na juu ya hayo inataka waya. Arc A380 ya Intel ina GB 6 na bei yake ya mtumba ni ya kutamanisha, ila inataka kitu kinaitwa Resizable BAR kwenye mazabodi, kinachoifanya prosesa iifikie memori yote ya kadi kwa mara moja, Intel wenyewe wanaelekeza prosesa za kizazi cha 10 kwenda juu au Ryzen 3000, kwenye CPU ya zamani inapoteza nguvu nyingi sana. Usiifunge huko.

Mwenye CPU ya kawaida yenye pawa saplai ya kweli ya wati 450 au 500 na waya wa pini 8, huyo mambo yake mepesi, atafute RX 6600 ya GB 8, ya 2021, wati 132 tu. Hata mtumba. Ikimshinda bei basi GTX 1660 Super, au RX 580 ya GB 8 kama umeme haumuumizi, ile inakula wati 185 na utaiona kwenye tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla.

Nikisema mtumba lazima niseme na yaliyonikuta mwenyewe. Nilinunua GTX 1050 Ti kwa mtu, boksi safi, plastiki bado iko juu ya feni, nikaifunga, Windows ikaiandika jina lake sawasawa GTX 1050 Ti 4GB, nikafurahi. Nikaweka draiva, skrini nyeusi. Nikarudia, skrini nyeusi. Nikaishusha programu ya bure ya GPU-Z nikaifungua, na mbele ya jina la kadi ikaniandikia neno FAKE. Ndani ilikuwa chipu ya zama za GTX 550 Ti, ya 2011, mtu kaifuta kumbukumbu ya ndani akaiandika jina la uongo. Nilipoitazama tena nyuma nikakiona nilichopaswa kukiona siku ya kwanza, ina tundu la VGA, lile la buluu la pini 15. Familia ya GTX 10 haitoi VGA. Hela ilikwenda, yule mtu simu hapokei. Tangu siku ile sinunui kadi kabla ya kuiona inawaka, naibeba GPU-Z kwenye flashi, na naicheza gemu dakika ishirini palepale mbele ya muuzaji, naangalia joto na naangalia kama kuna vidoti vya rangi au mistari inayorukaruka kwenye picha. Vikitokea hata kidogo narudisha, memori inakufa hiyo.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali nazo zimejaa. Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022 na kadi nyingi zilizokuwa zinawaka usiku na mchana zikamwagika kwenye soko la mitumba duniani kote, RX 570 na 580 khasa. Mie sizikatai moja kwa moja, chipu inavumilia, kinachochoka ni feni na pesti, ule uji wa kupitisha joto juu ya chipu, na hivyo vinabadilishwa. Ila P106-100 iache, hiyo imetengenezwa kwa kuchimba tu, haina hata tundu la kuchomeka monita.

Na kuna jambo ambalo hutolisikia kwenye video za Wazungu, chumvi. Kadi iliyokaa miaka miwili nyumba ya upepo wa bahari, Malindi, Kizingo, Nungwi huko, ina alama zake. Itoe skrubu moja ya nyuma uitazame kwenye mwanga, ikiwa na unga wa kijani au kutu ya machungwa, halafu chungulia baina ya yale mabapa ya alumini chini ya feni, yakiwa na ukoko mweupe kama wa sufuria ya maji ya kisima, jua hewa ya bahari imeshaingia mpaka kwenye miguu ya chipu. Pini za dhahabu zinazoingia kwenye sloti zinasafishika kwa ufutio wa penseli, huo ukoko wa ndani hausafishiki. Hiyo kadi ishushie bei sana au iache.

Nyumbani kwako nako ilinde. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, Pemba kutoka Tanga tangu 2010, na aliyekuwepo ile miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 haitaji kuambiwa zaidi. Siku hizi giza refu halipo lakini unakatika na kurudi, na ule mshindo wa kurudi ndo unaoua. UPS ndogo, lile boksi la betri ya akiba, ukiweza, huna uwezo basi umeme ukikatika chomoa plagi, usingoje. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, CPU isikae ndani ya kabati ya TV, iweke juu ya meza mbali na ukuta, upande wa pembeni feni ya chumba ipitishe hewa. Vumbi lifute kila baada ya miezi miwili, shika feni kwa kidole isizunguke ukiipuliza.

Siku ya kufunga, kama ulikuwa na kadi nyengine toa draiva zake kwanza, zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha CPU mwili upoteze umeme wake. Sukuma kadi mpaka usikie ile "tak" ya kufuli ya sloti, kaza skrubu. Halafu waya wa monita, huu umeshanipigisha safari ya daladala mpaka Mwanakwerekwe usiku kwa mtu aliyelia kuwa kadi yake mbovu: uchomeke kwenye kadi, kule chini kwenye matundu yaliyolala, usiurudishe kwenye tundu la juu la mazabodi ulilolizoea. Ukiurudisha pale kadi itakaa imewaka feni inazunguka na gemu inachorwa na ile grafiki ya zamani ya ndani, na wewe utazunguka maduka yote ya Darajani unatafuta wa kukurudishia pesa.